Mgongo Nyuma ya Ukuta

Akongo aliwahi kupona mgongo kabisa, kwa muda usiotosha hata kuchemsha yai, na hiyo ilikuwa siku aliyomkimbia mkwe wake kliniki.

Mgongo wenyewe ulimshika msimu wa kung'oa mihogo. Alivuta shina moja lenye kiburi, shina likakataa, akalivuta tena kwa hasira, na kitu kikasema ka! kiunoni. Watu wa Nagongera, kijijini kwake, wanaapa kwamba ndege waliokuwa wametua juu ya mwamba wa Tororo waliruka wote kwa pamoja, wakidhani wapasua mawe wameingia kazini. Huenda hapo wameongeza chumvi kidogo. Lakini yaliyofuata hayana chumvi. Mwanamke yule, aliyezoea kubeba mtungi kichwani huku mikono inaning'inia na kicheko kinamtoka, alianza kutembea amejikunja, akivijua vidole vyake vya miguu kuliko alivyoijua mbingu. Alimeza vidonge vyeupe, akameza vya njano. Akapakwa mafuta ya kondoo mpaka mbwa wakawa wanamfuata sokoni. Akakanyagwa kiunoni na mama wa mapacha, maana wazee walisema unyayo wa mama wa mapacha hauna mchezo. Kweli haukuwa na mchezo. Alilala kifudifudi juma zima.

Mwishowe jirani yake Teopista, muuza vitunguu ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, akamwambia kuna kliniki Busia, nyuma ya soko, ina mtu anayetibu migongo kwa mazoezi.

"Hakudungi sindano," Teopista alisema. "Anakuambia pinda, nyooka, pinda, nyooka. Unarudi msichana."

Akongo akaenda. Akalazwa kifudifudi juu ya kitanda chembamba, gomesi, vazi lake refu, imeshushwa hadi kiunoni, mgongo wazi kama meza ya mchinjaji. Mlango ukafunguliwa. Mtu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha kusafisha koo kabla ya salamu.

Akongo alikijua kile kikohozi. Kilikuwa cha Wesonga, mume wa binti yake.

Sasa, kwa watu wa Akongo, na kwa Wasamia wa kina Wesonga vilevile, mama mkwe na mkwe hawakutani. Hawakai chumba kimoja, hawali sahani moja, hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja anageukia huku, mwingine anageukia kule, wanasalimiana na vichaka mpaka kila mmoja apite. Watu wengine hujuana kwa sura. Akongo na Wesonga walijuana kwa migongo. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona uso vizuri. Na alijua tu kwamba kijana anafanya kazi hospitali fulani upande wa Masafu. Nani angemwambia amehamia mjini?

Mwanamke ambaye asubuhi hiyo alishushwa garini na watu wawili aliruka kutoka kitandani kama panzi, akajifunga gomesi akiwa angali hewani, akatoka nje kupitia dirishani. Wesonga naye akatoka mbio kupitia mlangoni. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni, kuona daktari anakimbia, wakakata shauri kuwa kuna nyoka, wakakimbia pia. Wapo wanaosema Wesonga hakusimama mpaka alipofika upande wa Kenya, koti jeupe linapepea, bila kitambulisho, na askari wa mpakani walimpisha wakidhani anamkimbilia mtu anayekata roho.

Maumivu ya mgongo yalimrudia Akongo kabla hajafika Tororo. Alishuka Nagongera kama alivyoondoka, akaburuta miguu hadi nyumbani, akafungua mlango, na ndani hakukuwa na wa kumpa pole.

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wenyewe. Mumewe, Opendi, alikuwa amelala chini ya migomba tangu zamani. Mtoto alijaliwa mmoja tu, Daphine, naye akafa mwaka ule mpaka ulipofungwa kwa sababu ya maradhi, bila kuacha hata mjukuu wa kumtuma chumvi. Siku ya maziko Akongo alilia ndani ya nyumba na Wesonga alilia nyuma ya nyumba. Walimlilia mtu mmoja, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyeweza kuvuka kumshika mwenzake bega. Baada ya hapo kimya kiliingia nyumbani, kikachagua kiti, kikakaa. Akongo alikuwa akiwasemesha kuku. Kuku walikuwa wanasikiliza vizuri, lakini hawaulizi maswali, na mtu asiyeulizwa swali lolote kwa mwezi mzima huanza kujisahau.

Jumamosi iliyofuata alisikia pikipiki ikizimwa barabarani. Nyayo zikazunguka uwanja, zikaenda hadi nyuma ya jiko, lile jiko la udongo na fito lililo kando ya nyumba. Kisha kikohozi.

"Hodi huku nyuma."

Akongo, aliyekuwa amejilaza mkekani karibu na mafiga, alijitandia kitenge kichwani ingawa kulikuwa na ukuta mzima kati yao. "Nani?"

"Mimi, mama. Mkwe wako."

Akongo alikuwa na Kidhopadhola chake na Wesonga alikuwa na Kisamia chake, kwa hiyo walikutana katika Kiswahili. Wesonga alisomea cha shule. Akongo aliokota chake sokoni Busia, katikati ya samaki na mizani, na hakuona sababu ya kukiosha.

"Mkwe, wewe naleta aibu mpaka kwangu?"

"Aibu tuliiacha kliniki, mama. Mimi nimeleta mazoezi."

"Mazoezi iko na mkono. Mkono yako hapana gusa mimi."

"Mkono hauingii. Macho pia hayaingii. Naingiza sauti tu. Sauti nayo ni mwiko?"

Akongo akafikiri. Wazee walikataza uso, walikataza mkono, walikataza sahani. Sauti kupita kwenye ukuta wa udongo hawakuitaja, pengine kwa kuwa hakuna mzee aliyewahi kuwa na mkwe mkaidi kiasi hicho.

"Ingiza," akasema.

"Lala chali. Kunja magoti, nyayo zikae chini. Sasa sukuma kiuno taratibu mpaka kiguse mkeka. Kimegusa?"

"Imegusa."

"Kimegusa chote?"

"Yote! Imelala kama chapati."

Teopista, aliyefika kuomba kiberiti na kukuta habari bora kuliko kiberiti, aliinama akapitisha mkono chini ya kiuno cha Akongo. Mkono ukapita mpaka kwenye kiwiko.

"Chapati gani?" akapiga kelele. "Hapa mbuzi anapita na watoto wake!"

"Nyamaza wewe! Mimi ndiye mwenye mgongo!"

Nyuma ya ukuta, Wesonga alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza kusikika katika uwanja ule tangu Daphine afe, na wote watatu walikisikia hivyo.

"Mama," Wesonga akasema, "hukudanganya. Ulisema unavyosikia. Shamba likilala misimu mitatu, nyasi zinafunika mpaka. Shamba lipo palepale, ila mwenyewe akisimama katikati hajui lake linaishia wapi. Mgongo ukiuma muda mrefu uko hivyo. Unadhani umenyooka, kumbe umepinda. Unadhani umeinama kidogo, kumbe umefika chini. Mazoezi ni kutembea mpakani kila siku mpaka njia ionekane tena."

"Na wewe naona njia hiyo?"

"Mimi sioni kitu. Nina ukuta mbele ya pua. Wewe ndiye utaniambia mgongo uko wapi."

Akongo hakuwa ameulizwa swali gumu namna hiyo tangu aozwe. Mgongo wangu uko wapi? Alilala pale akautafuta, kama mtu anayetafuta mbuzi kwa kuita.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumamosi pikipiki, nyayo, kikohozi. Wesonga alikaa juu ya gogo nje, Akongo mkekani ndani. Alimfundisha kusukuma kiuno chini, kukiinua kama upinde, halafu kutafuta katikati, mahali ambapo hakisukumi wala hakivuti. Alimfundisha kupiga magoti na viganja kama ng'ombe, kuubinua mgongo, kuubonyeza, kurudi katikati. "Usiende mbali, mama. Nenda polepole. Anayekimbia hasikii anakopita." Alimfundisha kufunga ufito mgongoni kwa leso, uguse kisogo, uguse kati ya mabega, uguse mkia wa uti, kisha ainame kutoka kwenye nyonga bila ufito kuachana hata na sehemu moja. Siku za mwanzo ufito ulimkimbia kila mara, na Teopista alipomkuta amefungiwa fito mwilini alienda akatangaza sokoni kuwa Akongo anajengwa upya, bado mabati.

Lakini lililofanya kazi kuliko yote lilikuwa la ukuta. Wesonga alimwambia asimame, aegemee ukuta wa jiko kwa mgongo. Yeye kule nje akapima kwa kukisia, akagonga udongo kwa kifundo cha kidole. Ngo.

"Unasikia ninapogonga?"

"Nasikia kwa sikio."

"Achana na sikio. Sikia kwa kiuno. Naenda chini kidogo." Ngo. "Hapo je?"

Akongo akafumba macho. Hapo kulikuwa kimya, kama mlango wa nyumba isiyo na mtu. Kiuno hakikuwa kimeegemea, hakikugusa ukuta. Akakizungusha kidogo, akakisogeza nyuma. Ngo. Ikaja: mtetemo mdogo uliopita kwenye udongo na fito ukamgusa pale pale, mahali ambapo hakuna mtu aliyemgusa tangu Opendi akiwa hai.

"Nasikia," akasema, na sauti ilimtoka vibaya.

Baadaye alimuuliza mzee Osinya, mlinzi wa desturi za ukoo, kama kugongewa ukuta ni kuguswa. Osinya akakuna kidevu kutwa nzima, akasema kama ukuta haukupata mimba basi hakuna kosa.

Mgongo ukaanza kurudi. Haukurudi kwa kishindo. Ulirudi kama mtu aliyekosana na nyumbani: leo anaonekana barabarani, kesho anafika kwenye ua. Akongo akainama kuokota kijiko akajua, kabla hajafika chini, kwamba amepinda mahali pasipofaa, akajirekebisha bila kuambiwa. Akabeba ndoo ya maji akasikia kiuno kinataka kukimbilia kushoto, akakiita, kikarudi. Maumivu yakawa kama mgeni anayeaga mlangoni, anaongea sana lakini miguu imeshatoka.

Na kadiri mgongo ulivyonyooka, ndivyo moyo wake ulivyoingia baridi, maana alijua jambo moja wazi kabisa: mtu aliyepona hafuatwi na daktari. Siku atakaposema "nimepona", pikipiki haitazimwa tena pale barabarani. Baada ya mazoezi wakati mwingine walikuwa wanabaki, huku mmoja na kule mmoja, wakisema habari za Daphine. Wesonga alisimulia jinsi mkewe alivyokuwa akiimba vibaya kanisani, huko kwao Dabani, kwa nguvu zote. Akongo alisimulia jinsi bintiye alivyozaliwa na meno mawili akamng'ata mkunga, jambo ambalo halikutokea, lakini Wesonga alicheka, na Akongo angezua hata mtoto mwenye pembe ili asikie kile kicheko tena. Mtu gani mwingine duniani alimkumbuka Daphine? Ukigawa kumbukumbu ile, nusu ilikuwa ndani ya jiko na nusu nje.

Kwa hiyo alipoulizwa "Mgongo uko wapi leo, mama?" alianza kujibu: "Bado, mkwe. Bado inapinda kidogo."

Uongo mdogo, wa kunywa nao chai.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha siku Wesonga alipokuja na sauti nyingine. Hakukohoa. Alikaa juu ya gogo, akakaa sana.

"Mama, kuna jambo."

"Sema."

"Baba zangu wakubwa wanasema nyumba yangu imelala muda mrefu. Kuna mtu, anaitwa Damalie, wa palepale Dabani. Mtu mzuri. Lakini kwao wanasema hawampi mwanamume ambaye hajafagiwa."

Katika ukoo wa Akongo, na watu wa Dabani waliliheshimu hilo, mfiwa anayetaka kuoa tena lazima afagiwe nyayo. Anasimama barabarani, amegeuza mgongo. Mama wa marehemu, yeye na si mwingine, anashika ufagio mfupi wa njukuti, anainama, anafagia nyayo za mkwe kutoka mahali alipozoea kufikia hadi kwenye visigino vyake. Na hainuki njiani. Akiinua kiuno kabla ya kufika, unyayo mmoja umebaki, na marehemu ataufuata huo mpaka kitandani kwa mke mpya. Akishafagiwa, ndiyo basi. Si mkwe tena. Anaweza kuingia kwa mlango, akala sahani moja na yule mama, akampa mkono, kama mpita njia yeyote.

Kama mpita njia yeyote.

"Mkwe," Akongo akasema, "mimi nataka kukufagia. Moyo nataka. Lakini mgongo? Mgongo hapana weza. Kutoka hapa mpaka barabara? Mimi taanguka na uso."

"Najua, mama."

"Ngojea kidogo. Mgongo ikinyooka."

"Nitangoja."

Na akangoja. Jumamosi zikapita, pikipiki, nyayo, ngo, ngo. "Uko wapi leo, mama?" "Imepinda." "Sawa, mama." Akongo alijiona mjanja kama sungura. Wa kusema kweli juu ya mgongo wake alikuwa mmoja tu duniani, yeye mwenyewe, na huyo mmoja alikuwa na sababu ya kudanganya. Ila kulikuwa na macho ya Teopista, yasiyolala. Kwa hiyo Akongo akachonga fimbo. Kila alipotoka uwanjani alijikunja, akaburuta mguu, akaugulia kwa sauti ya kufika kisimani.

"Wewe!" Teopista alimwambia. "Jana si nilikuona unapura mtama?"

"Lilikuwa shetani la asubuhi. Limekwisha."

"Shetani gani linapura mtama? Nitumie na mimi."

Alijikunja akienda shambani, akajikunja akienda kanisani, akajikunja hata akiwa peke yake, kwa kuwa mtu akishazoea uongo hauvui mlangoni kama viatu. Mpaka asubuhi moja alipolala chali mkekani, si kwa ajili ya mtu, kwa mazoea tu, akasukuma kiuno chini, akakiinua, akatafuta katikati. Hakuipata. Alidhani kiuno kimegusa, akapitisha mkono, mkono ukapita. Akasimama ukutani, visigino, matako, mabega, akangoja. Hakuna aliyegonga. Ilikuwa Jumanne. Kiuno kilikuwa kimya tena, nyumba isiyo na mtu, na hakukuwa na mwizi wa kulaumiwa. Miezi yote ile kijana wa watu alikaa juu ya gogo akimrudishia mwili wake kipande kwa kipande, na yeye alikuwa akiutupa tena, kila siku kidogo, kwa kuigiza.

Siku zilizobaki hadi Jumamosi alizitembea mpakani. Aliitupa fimbo motoni, akafunga ufito, akainama, akarudi, akainama. Teopista alipopita hakujificha. Ijumaa jioni kiuno kikajibu, kwa unyonge, kama mtoto aliyechapwa.

Wesonga alipokuja aliuliza kama kawaida. "Mgongo uko wapi, mama?"

Akongo alikuwa amejiandaa kusema kweli. Mdomo ukasema, "Imepinda. Imepinda sana."

Nje kuku alipita akijisemea.

"Sawa, mama," Wesonga akasema polepole. "Basi tuanze tena mwanzo. Lala chali. Kunja magoti."

Ndipo Akongo alipoacha kila kitu akakaa kitako. Ile sauti haikuwa ya mtu aliyedanganywa. Ilikuwa ya mtu anayemshikia mwingine mlango.

"Mkwe. Wewe najua?"

"Najua nini, mama?"

"Kama mimi nadanganya."

Alimsikia akijisogeza juu ya gogo. "Mtu mwenye mgongo mbaya akiinuka mkekani, mama, anashika ukuta, anahema, anamwita Mungu. Wewe tangu mvua zianze unainuka sioni hata vumbi linaanguka upande wangu."

"Na hapana sema?"

"Ningesema nini? Mgongo ni wako." Akakohoa kile kikohozi chake. "Na nikisema umepona, ningekuja kufanya nini huku? Dabani hakuna anayejua Daphine alivyokuwa anaimba vibaya. Waliojua wamesahau. Wanasema aliimba vizuri."

Akongo alifunika mdomo kwa kitenge. Kulia alitaka kulia na kucheka alitaka kucheka, vikagongana mlangoni visitoke.

"Na yule Damalie?"

"Anangoja. Hanisemeshi vibaya, haulizi, anangoja tu. Hilo ndilo linaloniumiza."

Akongo alijua kungoja bila kuulizwa kunavyokuwa. Alikujua kwa jina na kwa ukoo. Akajua pia kuwa neno moja tu, "bado", lingetosha. Kijana angeendelea kuja, Damalie angengoja mpaka achoke, na wangezeeka hivyo, mmoja ndani mmoja nje, wakigonga udongo.

"Jumamosi inayokuja," akasema, "hapana leta mazoezi. Simama barabara."

Aliufunga ufagio mwenyewe. Asubuhi ile Osinya alikuja kushuhudia, na Teopista alikuja kwa kuwa hakuna nguvu ambayo ingemzuia. Wesonga alisimama barabarani kando ya pikipiki, amegeuza mgongo, suruali imepigwa pasi. Akongo alianzia nyuma ya jiko, kwenye gogo, ambako nyayo zilikuwa nyingi kupita kiasi, mpya juu ya kuukuu, nyingine zimekauka tangu matope ya mvua za kwanza.

Aliutafuta mgongo wake, akaupata. Akainama kutoka kwenye nyonga, kiuno katikati, magoti yamelegea. Akafagia. Hakuna aliyemwambia mgongo uko wapi. Aliusikia wote, kutoka kisogoni hadi mkiani: hapa unabeba, hapa umechoka, hapa unataka kupinda, urudi. Alipofika katikati ya uwanja jasho lilikuwa linadondoka puani, na hapo akataka kunyanyuka. Hakuumwa popote. Ilimjia tu kwamba angenyanyuka kidogo, kiasi cha kuvuta pumzi, unyayo mmoja ungebaki na kijana angebaki wake kwa unyayo mmoja. Osinya macho yake mabovu. Teopista kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anaangalia pembeni, anafuta machozi.

Ufagio ukasimama. Kisha ukaendelea, shaa, shaa, mpaka njukuti zikagusa visigino vya viatu.

"Geuka," Akongo akasema, akanyooka.

Akageuka. Miaka yote ile Akongo alikuwa amemtengenezea mkwe wake uso kichwani mwake, uso mrefu, mkali, wa kufanana na kile kikohozi. Aliyekuwa mbele yake alikuwa na uso wa duara, masikio makubwa, na kipara kilichoanza mapema. Wakatazamana kama abiria wawili waliopewa kiti kimoja. Kisha Wesonga akanyoosha mkono, na Akongo akaupokea. Ulikuwa na kifundo kigumu kwenye kidole cha kati.

Aliingia kwa mlango. Akapewa kiti, chai, karanga za kukaanga. Osinya alibariki akaenda zake, Teopista alikwenda kutangaza. Wawili wakabaki na meza katikati yao, hakuna ukuta, na hakuna aliyejua pa kuweka macho. Wesonga alisifu chai. Akongo aliuliza habari za barabara. Wesonga akasema barabara ni nzuri. Walijaribu kumtaja Daphine, wakakuta kuwa jina lile, waliloligonga na kulipokea mara nyingi kupitia udongo, lilikuwa zito kulibeba huku mtu anakutazama.

"Nitakuja na Damalie akusalimie," Wesonga akasema.

"Karibuni. Njoo na yeye."

Alimwangalia kidogo, kwa macho ya kazi yake sasa, macho ambayo hayakuwahi kumpima mgonjwa huyu hata siku moja. "Umekaa vizuri, mama. Mgongo umenyooka."

"Najua," Akongo akasema.

Akamuongezea chai. Wesonga aliimaliza kwa adabu, akaaga, pikipiki ikawaka, ikaenda upande wa Tororo mpaka isisikike. Akongo alibaki amekaa mezani vilevile, wima, kiuno katikati, chai yake mwenyewe ikipoa mbele yake. Angeweza kukaa hivyo kutwa bila kuumwa. Nje uwanja ulikuwa safi, na kuku wakaanza kuukanyaga.